Programu za wavuti kwenye iPhone: nyota mbili, ya pili naitoa shingo upande

Jamani, programu ya wavuti, yaani tovuti unayoiweka kwenye simu ikafanya kazi kama programu ya kawaida, kitufe chake cha kusakinisha kimefichwa kwa nani? Kwenye Android, Chrome yenyewe hukuletea pendekezo la kusakinisha. Kwenye Safari, kivinjari cha iPhone, unatafuta alama ya kushiriki, kile kisanduku chenye mshale wa kwenda juu, unaibonyeza, unateremka kwenye orodha, ndipo ukutane na amri ya kuongeza kwenye skrini ya mwanzo. Mwenye tovuti hawezi kukuwekea kitufe cha kufanya kazi hiyo; kilichobaki ni kukuchorea mishale tu. Usipopita njia hiyo, arifa sahau. Zilikuja na toleo la 16.4 la iOS, mfumo wa iPhone, mwaka 2023, tena kwa programu iliyokwisha wekwa pale tu, na ombi la ruhusa halitokei mpaka uguse kitu ndani yake. Mtumiaji anaona kimya, anadhani programu ni mbovu.

Haki yake niipe: ikishakaa, ni tamu. Upau wa anwani haupo, na data yake haiguswi na ule ufagio wa Safari unaofuta kilichohifadhiwa na tovuti usiyoigusa kwa siku 7 za matumizi. Hapo ningetoa nyota nne.

Halafu nakumbuka mwanzoni mwa 2024, nyota zinapukutika. Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya iliilazimisha Apple kuruhusu injini nyingine za kivinjari, yaani sehemu ya ndani inayochora kurasa, mbali na WebKit yake. Kwenye matoleo ya majaribio ya iOS 17.4, programu za wavuti za watumiaji wa Ulaya zikageuka alamisho, viungo vya kawaida tu: zinafunguka ndani ya kivinjari, arifa hakuna. Sababu? Usalama: eti injini ngeni ingeacha programu moja isome data ya nyingine.

Hofu si ya bure kabisa. Kutenganisha ruhusa za kamera na mahali kwa kila programu ni kazi ya kweli. Lakini kivinjari chochote makini tayari kinazuia tovuti moja isisome data ya nyingine, na injini hizo haziingii bila idhini ya Apple na masharti yake ya usalama. Basi kisingizio cha nini?

Machi 1 Apple wakarudi nyuma, programu za wavuti zikaachwa Ulaya. Asante, ila programu hizo zikabaki juu ya WebKit peke yake. Kwa hiyo hata Ulaya, kivinjari chenye injini yake kikija, ikoni ukiiweka pale inarudi kwa bwana yule yule. Nyota mbili? Moja na nusu.