Sefu ya Kuhifadhia Silaha Nyumbani: Kisanduku cha Dukani, Sefu Nzito ya Ofisini na Kabati la Fundi wa Kibuye

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inamtaka kila mwenye cheti cha silaha kuiweka bunduki pamoja na risasi zake salama wakati wote, na kuchukua tahadhari zote zinazofaa ili isipotee, isiibwe wala isifikiwe na mtu asiyeruhusiwa kisheria kuishika. Baada ya serikali kutangaza, Desemba 2018, kwamba wamiliki wote wa silaha wa kiraia wahakikiwe upya, wengi tuliokuwa tukifunga bunduki ndani ya kabati la nguo tulianza kuulizia sefu. Tathmini hii inahusu aina tatu ambazo mkazi wa Nakuru au Kisumu anaweza kuzipata bila kuagiza kutoka ng'ambo, nami nimezipima kwa mahitaji mawili ninayoyajua kwa karibu: bunduki ya mitutu miwili katika shamba la upande wa Njoro, na bastola ya shemeji yangu anayeishi Riat, juu ya mji wa Kisumu.

Niseme mapema ninakoelekea. Sefu hununuliwa kwa kuangalia uso wake, yaani vitufe, taa na rangi, ilhali usalama wake uko katika unene wa bati, kitasa na jinsi ilivyofungwa sakafuni. Kwa kipimo hicho, kabati lililochomelewa vizuri na fundi wa jua kali linaishinda bidhaa nyingi inayong'aa dukani.

Nianze na kisanduku kidogo cha kielektroniki, kile kinachofanana na vya vyumba vya hoteli, ambacho kimejaa katika maduka ya vifaa vya ujenzi na katika mitandao ya kuuzia bidhaa, mara nyingi kwa bei isiyofika shilingi 10,000. Katika duka moja mjini Nakuru, mwuzaji aligonga mlango wake kwa kifundo cha kidole na kunihakikishia, "Mzee wangu, hii hata mwizi akija na nyundo atachoka." Mlango ulionekana mnene kama kitabu, lakini unene huo ni wa bati lililokunjwa ukingoni, na katikati kuna uwazi mtupu. Njia rahisi ya kujua ukweli ni kukipindua kisanduku na kutazama matundu yaliyotobolewa kiwandani kwa ajili ya bolti, kwa sababu hapo ukingo wa bati huonekana waziwazi. Nilichokiona katika tundu hilo hakikufika milimita mbili. Mwuzaji naye aliinama akatazama, kisha akaanza kunionyesha kisanduku kingine cha rangi tofauti.

Kwa kulinganisha, kipimo cha Uingereza cha makabati ya bunduki, BS 7558 cha mwaka 1992, kimezoeleka kutimizwa kwa bati la milimita 2, na hapo tunazungumzia kabati la kumchelewesha mwizi, si la kumshinda. Kipimo cha Marekani cha sefu za nyumbani, kinachotolewa na UL, shirika la kupima usalama wa bidhaa, humpa mjaribu mmoja mwenye vifaa vya mkono dakika 5 za kujaribu kuifungua. Sefu za daraja lililo juu ya hilo, TL-15, hupimwa kwa dakika 15 za kazi halisi ya vifaa, drili za umeme zikiwemo. Basi mnunuzi asiulize kama sefu inafunguka, kwa kuwa zote hufunguka, bali aulize inamgharimu mwizi muda gani na kelele kiasi gani. Kisanduku kisicho na lebo yoyote ya kipimo, na ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba kwapani akapanda bodaboda, hakijibu swali hilo.

Udhaifu wake wa pili ni kitasa. Vingi vya bei nafuu hufungwa kwa pini ndogo inayovutwa na sumaku ya umeme, na pini ya namna hiyo huweza kuruka kwa mtikisiko. Nyuma ya kibandiko au kifuniko cha vitufe hufichwa tundu la ufunguo wa dharura, ambalo mara nyingi ndilo mlango dhaifu kuliko wote. Isitoshe, vinatoka kiwandani vikiwa na nambari ya siri iliyochapishwa katika kijitabu cha maelezo, na wako wasioibadilisha kamwe. Sihitaji kueleza mtoto wa darasa la sita hufanya nini na kijitabu alichokiokota.

Kuhusu vile vinavyosoma alama za vidole, ambavyo huuzwa kama kilele cha usalama, kuna jambo la kumbukumbu ya umma ambalo kila mnunuzi anapaswa kulijua. Oktoba 2023, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitangaza kurejeshwa kwa sefu zipatazo 61,000 za chapa ya Fortress, kwa kuwa zingeweza kufunguliwa na mtu ambaye alama yake haikusajiliwa, na kesi iliyofikishwa mahakamani ilidai kwamba mvulana wa miaka 12 alikufa kwa bunduki iliyotoka ndani ya sefu ya namna hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kampuni nyingine kadhaa zilirejesha bidhaa zao kwa kasoro ya aina hiyohiyo. Kwa hiyo, mwenye kuinunua na asajili kidole chake kwanza, kisha amwite kila mtu wa nyumba, kuanzia mwenzi wake hadi dada wa kazi, aguse kioo cha kusomea kidole mara kadhaa kabla silaha haijaingia ndani. Shemeji alifanya hivyo na yake ikapita jaribio. Hata hivyo anaitumia kwa bastola tu, tena akiwa ameifunga kwa bolti ndani ya kabati lililojengewa ukutani, na sina la kumlaumu: kwa silaha fupi, katika nyumba yenye watoto, kisanduku kilichofungwa barabara kinatimiza kazi yake ya kwanza, ambayo ni kuwazuia walio ndani ya nyumba.

Sefu nzito ya ofisini, ile ya kuzuia moto, ni jambo jingine kabisa. Kuta zake zimejazwa zege jepesi au jasi, uzito wake hupita kilo 100 kwa urahisi, na nyingi zina ufunguo pamoja na gurudumu la nambari. Sefu kuukuu za Kiingereza, kama za Chubb, bado hujitokeza katika minada ya ofisi zinazofungwa, na chuma chake ni cha kuheshimiwa. Lakini anayeipata mnadani hana njia ya kujua funguo ngapi zilichongwa kabla yake, hivyo gharama ya kubadilisha kitasa ihesabiwe tangu mwanzo. Tena kinga ya moto si kinga ya wizi. Lebo ya moto ya karatasi, kwa vipimo vya UL, inamaanisha joto la ndani halitapita takriban sentigredi 177 kwa muda ulioandikwa, wala haisemi lolote kuhusu mtaimbo. Jasi hiyo ina maji ndani yake, na ndiyo yanayopoza sefu nyumba inapoungua, lakini katika siku za kawaida unyevu huo, ukijumlishwa na hewa ya Kisumu iliyo kando ya ziwa, huleta kutu juu ya mtutu. Na kwa mwenye bunduki ndefu kuna tatizo dogo la hesabu: sefu nyingi za ofisini hazifiki urefu wake, hivyo bunduki ya mitutu miwili ni lazima itenganishwe, mitutu kando na kitako kando, kila inapowekwa.

Ndipo tukafika Kibuye, Kisumu, ambako mafundi wa jua kali huchomelea milango, madirisha na masanduku ya shule mchana kutwa. Nilikwenda na vipimo vyangu: kimo sentimita 120, upana 40 na kina 35. Bunduki yenye mitutu ya inchi 28 ina urefu wa kama sentimita 115, hivyo inaingia ikibakiza nafasi ndogo. Kimo hicho kina faida nyingine, kwa kuwa kabati zima hutoka katika bati moja la futi 4 kwa 8 bila kuunga vipande, na mabaki yanatosha kisanduku cha ndani cha risasi. Fundi alipendekeza bati la geji 16 akisema ndilo la masanduku yote. Geji inapopanda namba, bati huwa jembamba, na geji 16 ni kama milimita 1.5 tu, kwa hiyo nilisisitiza pleti ya milimita 3. Chuma cha unene huo kina uzito wa karibu kilo 23.5 kwa mita mraba, na kabati la vipimo hivyo hufika kilo 49 kabla ya fremu na kitasa.

Si lazima fundi aelezwe kitakachowekwa ndani. Lilikuwa kabati la hati, basi, na hilo halikuwa uongo, kwa sababu hati miliki ya shamba imo humo. Fundi mmoja akijua, Kibuye nzima inajua.

Kazi ya kuchomelea ndiyo inayostahili kusimamiwa kwa macho. Mafundi huzoea kudonoa, yaani kushika bati kwa nukta za hapa na pale, kisha kufunika mapengo kwa putti na rangi. Tuliagiza mshono mzima kwenye pembe zote, na tulitazama kabla rangi haijapakwa. Mlango unakaa ndani ya fremu badala ya kuilalia kwa juu, na pengo kati yao ni dogo kiasi kwamba ncha ya mtaimbo haipati pa kushika. Bawaba ziko nje, jambo ambalo wengi huliona kama kosa, lakini upande huo wa mlango umechomelewa kipande cha chuma kinachoingia nyuma ya fremu kila unapofungwa, hivyo hata bawaba zikikatwa mlango haung'oki. Kitasa tulikinunua wenyewe, chenye nyenzo saba za ndani zinazoinuliwa na ufunguo, na makomeo mawili, na nyuma yake pakawekwa kipande cha chuma kigumu kuzuia drili. Kufuli ya nje sikuikubali, kwa sababu inatoa pa kuingizia mtaimbo na tena inamwambia kila mgeni kwamba humo mna kitu.

Lina dosari zake. Rangi ya ndani ilipakwa bila rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na ilibidi lirudishwe likwanguliwe. Mlango hulalamika unapofunguliwa. Halina kinga ya moto hata kidogo, na hilo lina hatari yake: risasi zilizo huru zikipata joto hupasuka bila nguvu ya kutisha, lakini bunduki iliyoachwa na risasi ndani inaweza kufyatuka kama iliyovutwa na mtu. Kwa hiyo bunduki huingia kabatini ikiwa tupu, na risasi hukaa katika kisanduku cha juu chenye ufunguo wake.

Kufunga kabati sakafuni ndiko kunakoamua thamani ya fedha yote iliyotumika, kwa sababu kilo 49 ni mzigo wa watu wawili na piki-apu. Nyumba nyingi za Nakuru zimejengwa kwa mawe ya kuchongwa yatokanayo na majivu ya volkano, mawe mepesi yanayokatika kwa msumeno, na bolti ya kutanuka ikikazwa humo hulipasua jiwe au huzunguka bure. Bolti zetu nne za milimita 12 zimezama katika zege la sakafu, kwa kina kisichopita sentimita 8, ili drili isitoboe karatasi ya nailoni iliyo chini ya slabu na kuleta unyevu juu. Kabati limesukumwa kwenye pembe, kuta mbili zikilibana, hivyo mwenye mtaimbo hapati nafasi ya kuukandamiza. Nyumba ikiwa ya kupanga, mwenye nyumba aombwe ruhusa kwa maandishi kabla ya drili kuwashwa.

Kuhusu kutu, Nakuru, iliyo juu ya mita 1,800, haisumbui sana. Kisumu inasumbua. Vifuko vya silika, vya kufyonza unyevu, vikaushwe mara kwa mara, bunduki ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo baada ya kushikwa, na isihifadhiwe ndani ya mkoba wa ngozi au sanduku lenye sponji, kwa sababu vyote viwili hushika unyevu.

Kwa bastola, nyumba yenye watoto na bajeti ndogo, kisanduku cha vitufe kitafaa iwapo bati lake linafika milimita 3, nambari ya kiwandani imefutwa na bolti zimeshika zege. Kwa bunduki ndefu, ningekwenda Kibuye tena, nikiwa na kitasa changu mkononi na kopo la rangi ya kuzuia kutu. Sefu ya moto ningemshauri mwenye hati nyingi na silaha moja, anayeishi mahali pakavu. Ufunguo wa ziada, kwa yoyote kati ya hizo, usikae juu ya kabati la nguo wala katika droo ya sufuria. Wetu uko benki, na ule mwingine hautoki mfukoni mwa mwenye cheti.