Antena ya "dB 36" yenye busta isiyozimika: uzoefu wangu

Usinunue. Naanza na hilo kabla hasira haijanipeleka kwingine. Nazungumzia zile antena za nje zilizojaa kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi: boksi la rangi kali, maandishi makubwa ya "dB 36", "4K" na "maili 200", na busta, yaani kikuza mawimbi kinachotumia umeme, imejengewa ndani. Jina la boksi halina maana, kwa sababu majina ni mengi na kilichomo ni kile kile.

Kilichonikera ni jibu la swali moja. Niliuliza pale kaunta kwa maneno mepesi: hii busta inaweza kuzimwa, antena ikaendelea kushika bila umeme? Nikaambiwa ndiyo, inazimwa. Niliuliza kwa sababu antena ilikuwa ya kufungwa Kikuyu, ambako mitambo ya kurushia TV ya Limuru haiko mbali na mawimbi yanafika yakiwa na nguvu zake. Mahali kama hapo busta haisaidii kitu, inaharibu. Nikafungua kile kisanduku cha plastiki katikati ya antena: bodi ya busta imelehemiwa moja kwa moja kwenye vijiti viwili vya kupokea. Swichi hakuna, njia ya kuipita hakuna. Ukizima umeme wa antena kwenye menyu ya king'amuzi, zile volti 5 zikakatika, bodi haipitishi chochote. Chaneli zote zinapotea.

Na ukiuwasha? Kipimo cha nguvu kinaruka hadi asilimia 98, halafu kipimo cha ubora kinayumba kati ya sifuri na arobaini. Citizen inakatika vipande vipande, KBC inatoa sauti bila picha, nyingine hazionekani kabisa. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Wanaona nguvu imejaa, wanaamini antena ni kali na TV ndiyo mbovu. Mtu akikuonyesha nguvu, mwambie akuonyeshe ubora. Ubora ndio picha.

Sababu yenyewe ni hii. Runinga za kidijitali za kutoka minarani hapa kwetu ziko kati ya MHz 470 na 694. Busta ya namna hii haichagui, inakuza kila kinachopita kuanzia redio za FM, zilizo kati ya MHz 88 na 108, mpaka minara ya simu ya 4G kwenye bendi ya 800. Vyote vinaingia kwenye transista moja ndogo ya bei rahisi. Ikishalemewa inaanza kuchanganya mawimbi yenyewe kwa yenyewe, na uchafu unaozalishwa unaangukia juu ya chaneli dhaifu. Hakuna kugeuza antena kutakakoondoa uchafu huo, maana unatengenezwa ndani ya busta, si hewani.

Nilipoirudisha, nikiwa na risiti, muuzaji hakuigusa hata kidogo. "Madam, ukishafungua kisanduku waranti imekufa. Mwambie mzee alete fundi, hivi vitu viachie mafundi." Nikamuuliza ile dB 36 imepimwa vipi, akageukia mteja mwingine. Sijui kama alikerwa na swali au na aliyeuliza, lakini swali lenyewe linastahili jibu, kwa hiyo nalijibu hapa.

dB 36 ni kuzidisha mawimbi karibu mara 4,000. Vijiti vya alumini haviwezi hilo. Antena nzuri ya nje aina ya Yagi, ile yenye vijiti vingi vilivyopangwa kwenye mhimili mmoja, yenye urefu wa kama mita moja, inakupa dB 10 hadi 12, yaani mara 10 hadi 16, na hiyo ni kazi ya kuheshimika. Zinazobaki wamejumlisha za busta wakaziandika kama sifa ya antena. "Maili 200" ni uongo wa wazi zaidi. Dunia ni mviringo na mawimbi ya UHF, yale yanayobeba TV hapa kwetu, hayapindi sana: mnara wa mita 200 na antena iliyo mita 9 juu ya ardhi, kwenye nchi tambarare, vinaonana mpaka kama kilomita 70, na mlima ukikaa katikati hata hizo huzipati. Nayo "4K" haihusiani na antena kabisa. Antena haijui picha ina ukubwa gani.

Kwa hiyo kama unataka kuacha kulipia vifurushi kila mwezi na kubaki na chaneli za bure, na hilo ni jambo zuri ninaloliunga mkono kwa moyo wote, fanya jaribio hili kabla ya kutoa pesa. Chukua waya wa antena aina ya RG6 wa mita tatu hivi. Upande mmoja funga konekta ya F au ile ya TV. Upande mwingine menya ganda la nje, wavu na ile karatasi inayong'aa kwa sentimita 14, uache waya wa kati peke yake. Uning'inize dirishani upande wa mitambo, ulaze kama vijiti vya antena za majirani vilivyolala, kisha tafuta chaneli. TV yako iwe na DVB-T2, mfumo wa kidijitali unaotumika hapa, kwa kuwa yenye DVB-T tupu haitapata kitu hapa Kenya. Kipande hicho cha waya kikishika hata chaneli chache, busta huihitaji. Yagi ya kawaida isiyo na umeme itakutosha.

Ukiangalia Yagi dukani, tazama vijiti. Vya UHF vina urefu wa kati ya sentimita 20 na 30. Vile virefu vya sentimita 75 vinavyopachikwa nyuma ni vya VHF, mawimbi ya chini zaidi, hapa havina kazi, vinakamata upepo tu. Ukifunga, antena ipande angalau mita moja juu ya mabati. Chini ya mabati usihangaike.

Waya usiufanyie ubahili. RG6 nzuri inapoteza kama dB 5 hadi 6 kwa mita 30, na ule mwembamba unaokuja bure ndani ya boksi unapoteza zaidi. Splita ya kugawia TV mbili inakula dB nyingine kama 4. Kwenye konekta, kunja wavu wote nyuma na uhakikishe hakuna unyuzi hata mmoja uliogusa waya wa kati. Ukigusa, na umeme wa antena umewashwa, king'amuzi kinaweza kuonyesha ujumbe wa shoti au kuzima tu, na utaambiwa kimeungua. Waya wa kati utokeze milimita 3 nje ya ukingo. Juu ya paa elekeza konekta chini, zungushia utepe wa mpira, na uuache waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ndani ili maji yadondoke hapo. Mvua za masika zikiingia kwenye wavu, waya huo ni wa kutupa.

Sasa niwe wa haki. Kuna watu busta inawafaa: walio bondeni, walio kilomita 50 na zaidi kutoka kwenye mitambo, wenye waya mrefu au TV nne kwenye mstari mmoja. Kwa hao labda hata antena hii ingeshika kitu... Hapana. Hata kwao nasema hapana. Anayehitaji busta anunue ya mlingotini, ya dB 15 hadi 20, yenye chujio la 4G, aifunge karibu na antena kabla mawimbi hayajapotea njiani. Siku ikifa ataitoa peke yake. Hii iliyolehemiwa ikipigwa na radi ya mbali tu, umepoteza vyote viwili, na dukani utaulizwa nani alifungua kisanduku.

Aliyekwisha kuinunua asiitupe, kwa sababu vijiti vyake, nakiri, ni vizuri na vimenyooka. Fungua skrubu za kisanduku, toa bodi, na mahali pake weka transfoma ndogo ya kubadilisha omu 300 kuwa 75, ile mafundi wanayoiita balun. Miguu yake miwili iende kwenye vijiti viwili vya kupokea, konekta ya F ibaki ya waya. Zima umeme wa antena kwenye menyu kabla ya kuunganisha, maana umeme huo ukiwaka, king'amuzi huona balun nyingi kama shoti. Kisha elekeza Limuru upya, polepole, ukiangalia kipimo cha ubora peke yake. Hii ya Kikuyu sasa imetulia juu ya asilimia 80 na Citizen, NTV, KTN na KBC zote ni safi, mvua ikinyesha au isinyeshe. Ni antena nzuri sana ikishatolewa kile ilichouzwa nacho. Lakini kwa pesa zile, na kwa jibu lile nililopewa kaunta, duka hilo halitaniona tena, na anayeniuliza nampeleka kwa anayeuza Yagi tupu.