Kamera za Video Penye Mwanga Hafifu: Anza na Lenzi

Watu wengi wanaotaka kupiga video penye mwanga hafifu huulizia kwanza kamera, na lenzi huja kukumbukwa fedha zikiwa zimekwisha. Baada ya miaka kadhaa ya kupiga sherehe za usiku na mahojiano ya jioni kwa kamera zisizo na kioo cha ndani, nashauri mpango huo ugeuzwe. Lenzi yenye uwazi wa f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa) huingiza mwanga karibu mara tano kuliko lenzi ya f/4, kwa hiyo mahali ambapo ya kwanza inakuruhusu kubaki ISO 2500 (ISO ni kiwango ambacho kamera hukuza mwanga iliounasa), ya pili inakulazimisha kupanda hadi karibu ISO 12500. Mpiga picha za mnato anaweza kupunguza kasi ya shata, yaani kurefusha muda ambao kila picha hupokea mwanga, na kuweka kamera juu ya stendi, lakini sisi wa video tunaopiga fremu 25 kwa sekunde tunabaki karibu na 1/50 ya sekunde, kwani tukishuka chini ya hapo kila mkono unaopungwa huacha ukungu nyuma yake.

Kwa upande wa kamera, Sony A7S III iliyotoka mwaka 2020 bado ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza kwa kazi hii. Sensa yake, yaani kipande kinachonasa mwanga, ni ya fremu kamili (ukubwa sawa na picha ya filamu ya kawaida ya zamani) yenye megapikseli 12 tu, jambo ambalo ni upungufu kwa anayetaka kuchapisha picha kubwa, lakini video ya 4K inahitaji megapikseli 8 na kidogo, hivyo hakuna kinachopotea. Manufaa ya uchache huo ni kwamba sensa husomwa haraka sana, na nguzo za ukumbi hazionekani kulala upande unapogeuza kamera ghafla.

Kuna jambo moja ambalo kila mwenye kamera hii anapaswa kulijua. Ukirekodi kwa S-Log3 (mtindo wa Sony wa video iliyofifia, unaohifadhi maelezo mengi ya mwanga na giza hadi urekebishe rangi baadaye), chenga, yaani vidoadoa vya picha, huongezeka kadiri unavyopandisha ISO kutoka 640, kisha ukifika 12800 hupungua ghafla, kwa kuwa hapo kamera hubadili namna inavyokuza mawimbi ya sensa. Nimeweka kamera mbele ya koti jeusi chini ya taa moja ya mezani na kulitazama kwa ISO 10000 kisha 12800: katika ile ya kwanza mikunjo ya kitambaa ilikuwa inachemka kwa chenga, na katika ya pili nyuzi zilitulia. Kwa sababu hiyo sipigi kati ya 6400 na 10000 hata siku moja. Naruka moja kwa moja hadi 12800 na kuifunga lenzi kidogo, na uwazi huo uliopungua unanisaidia pia katika fokasi. Anayependa sensa hiyohiyo katika umbo jingine anaweza kuangalia FX3, ambayo ina feni ndani yake, au ZV-E1, ambayo ni nyepesi lakini haina feni na ina nafasi moja tu ya kadi. Kwa sherehe isiyorudiwa, mimi siwezi kutegemea kadi moja.

Panasonic Lumix S5 II ya mwaka 2023 ndiyo ninayompendekezea asiye na bajeti ya Sony hiyo. ISO zake za msingi (zile ambazo sensa hutoa chenga kidogo) katika V-Log, mtindo wa Panasonic unaofanana na S-Log3, ni 640 na 4000, ina feni, na ndiyo iliyoleta kwenye kamera za Lumix fokasi ya otomatiki inayotambua awamu (njia inayojua moja kwa moja lenzi ielekezwe upande gani), kwa hiyo uso wa msemaji haupotei na kurudi. Udhaifu wake ni kwamba 4K ya fremu 60 hutumia sehemu ya kati tu ya sensa, na hapo pembe ya lenzi hupungua na chenga huongezeka. Gizani ipige kwa fremu 25, nayo haitakuangusha.

Nikirudi kwenye lenzi, uwazi mkubwa una gharama yake. Niliwahi kurekodi hotuba ya mzee mmoja kwa lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa hadi f/1.4, kutoka umbali wa mita mbili hivi. Katika hali hiyo eneo lililo kwenye fokasi lina kina cha sentimita tano au pungufu, na mzee alikuwa anainama kila anapotafuta neno. Nilipofika kwenye kompyuta nikakuta sehemu nzuri kuliko zote ina masikio makali na macho yenye ukungu, na hotuba ile haiwezi kurudiwa. Kwa umbali uleule, lenzi ya milimita 35 kwa f/1.8 inakupa kina cha zaidi ya sentimita 30, nafasi inayomtosha mtu kuinama na kuinuka.

Ndiyo maana lenzi ya kwanza ninayoshauri ni ya milimita 35 yenye f/1.8. Ile ya Sony ina gramu 280 tu. Kwa Lumix, lenzi zote za f/1.8 katika mfululizo wa S zina umbo linalokaribiana na hutumia filta za milimita 67, hivyo ukibadilisha ya 35 kwa ya 85 huhitaji kusawazisha upya gimbali (kishikio chenye mota kinachotuliza kamera) huku shughuli ikiendelea. Zumu ya f/2.8 ni rahisi zaidi kufanyia kazi, ila inapokea chini ya nusu ya mwanga wa f/1.8; mimi huitumia mapema jioni, taa zikiwa bado zinawaka zote, na zikipunguzwa naivua na kuweka ile ya 35.