Skuli ya tableti huku Changamwe, nyota 2
Binti yangu alisoma hapo mihula miwili nikamtoa. Ada nafuu na vyoo visafi, hapo siwanyimi haki yao. Lakini mwalimu anasoma somo kwenye tableti neno kwa neno, siku moja nilikaa nyuma ya darasa mtoto akanyoosha mkono kuuliza kuhusu sehemu, zile hesabu za nusu na robo, mwalimu akatazama skrini akaendelea tu maana dakika zinahesabiwa, wallahi nilimuonea huruma hata yeye. Walimu wa Chicago, Marekani, walipoandamana 2013 kupinga skuli za umma karibu 50 kufungwa sikuwaelewa, sasa naelewa kwa nini walizitetea. Saa hii binti yangu yuko skuli ya serikali, wamejaa darasani lakini mwalimu anamjua jina na sehemu kamfundisha kwa kukata chungwa.