Mapeasi ya Lushoto: nimeyala wiki nzima, majibu ninayo

Haya jamani, karibuni. Leo nimekaa barazani nyumbani, hapa Ngamiani, Tanga, na msinitazame mimi, tazameni sinia. Haya ya kijani yenye madoa ya hudhurungi ni mapeasi ya Lushoto. Hili moja lililojitenga, lenye stika, linang'aa utadhani limepakwa mafuta ya nazi, limetoka Afrika Kusini. Nimelinunua supamaketi.

Kabla hamjanisuta: najua, hapa mjini mpeasi hauzai. Sisi tuko usoni pa bahari, na joto letu mnalijua. Mpeasi unataka baridi ya kuulaza kwanza, ndipo uamke na kutoa maua ya maana. Baridi hiyo iko milimani Usambara. Lushoto ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Wajerumani walivyoipenda hewa yake wakapaita Wilhelmstal, jina la mfalme wao. Lakini tunda likishafika Dar linaitwa "peasi la Tanga", nami simrekebishi mtu. Mkoa ni mmoja, sifa tugawane. Muheza wana machungwa yao, hawatupungukii kitu.

Sasa niwaambie nilivyoingizwa mjini. Mara ya kwanza nilinunua Mombo, mji ulio barabarani chini ya milima hiyo, basi limesimama, vifuko vinapandishwa madirishani, kila mtu anapiga kelele, dereva naye anakanyaga mafuta. Nikatoa hela, nikapokea kifuko, gari likaondoka. Kufungua: juu mazuri matatu, chini mawili yamepondeka na moja lina shimo la mdudu. Nimdai nani?

Mara ya pili nikashuka. Kuna mama amepanga mafungu yake chini, matano matano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unakula leo au unapeleka?"

Swali hilo, wapendwa, ndilo uchambuzi wangu wote. Yule mama hakunitajia bei kwanza, aliniuliza siku ya kula. Akashika moja, sogeza kamera uone, akabonyeza kwa dole gumba hapa shingoni, karibu na kikonyo. "Likibonyea hapa, la leo. Likikataa, la safari." Watu wengi tunabonyeza tumboni, tunakosea. Peasi linaiva kuanzia ndani, kwa hiyo tumbo likishakuwa laini, katikati kumeshaanza kuwa uji. Ndiyo maana wakulima hulichuma likiwa limekomaa lakini gumu, liivie nyumbani.

Nikachukua magumu kumi. La kwanza nililila siku ileile kwa papara. Kacha! Utamu upo kwa mbali, maji kidogo, na chengachenga kibao, kama umekula peasi ufukweni upepo unavuma. Wengi wenu mmelionja likiwa hivi, mkaondoka mnasema la Lushoto ni gumu halina ladha.

Mawili nikayafunga kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu. Ndizi inatoa gesi ya ethilini, ile inayoivisha matunda, na peasi linaipokea. Mengine nikayaacha mezani. Siku ya nne asubuhi nafungua mlango, harufu imenitangulia. Nikakata. Kisu kimezama chenyewe, maji yamenitiririka mpaka kwenye kiwiko, na utamu wake una ukali kidogo nyuma, si utamu wa sukari tupu. Yale ya mezani yalinisubirisha mpaka siku ya sita.

Hili la stika nimelikata siku hiyohiyo, nisiseme uongo. Laini kila upande, tamu, chenga hazisikiki. Harufu? Nimelinusa mara tatu, naona najinusa mkono. Mnakumbuka Aprili 2025, serikali ilipozuia mazao ya Afrika Kusini na Malawi yasiingie kwa siku chache? Mimi hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kwa nini haya ya kwetu siyaoni kwenye rafu ile.

Zile chenga lakini haziishi kabisa, hata likiiva. Ni seli zenye kuta ngumu kama mti, ndiyo maumbile ya peasi, na nyingi zimejaa karibu na ganda na kuzunguka mbegu. Zikikukera, menya nene kidogo na kata mbali na moyo. Mimi nakula na ganda.

Na tahadhari moja. Siku ya sita nilikula manne kwa mkupuo. Peasi lina sorbito, sukari ambayo utumbo hauifyonzi vizuri. Usiku ule mlango wa msalani na mimi tulizoeana. Moja, mawili, basi.

Alama zangu: la dirishani, nne kwa kumi. La yule mama, lililongojewa, nane na nusu. La stika linapata sita, kwa adabu yake tu.

Yamebaki matatu yaliyogoma kulainika. Nilikuwa nayatupa, shangazi akaninyang'anya: "Weye, mali hiyo!" Ameyakata vipande, kayabandika na sukari, iliki na kijiti cha mdalasini. Mnamsikia huko jikoni anavyogonga mwiko? Ananiita nilete bakuli.