Goti lililosagika: plazma au seli shina?

Mama yangu hushuka ngazi kwa ubavu, kiganja ukutani, ndiyo maana suala hili nalifuatilia kwa moyo wote.

Sindano ya plazma ndiyo nyepesi. Unatolewa damu mkononi, inazungushwa kwenye mashine kwa dakika kadhaa, ile nyekundu inazama chini, na juu unabaki utegili wa manjano, yaani plazma, wenye chembe sahani nyingi, zile zinazosaidia damu kuganda. Huo ndio unaodungwa gotini. Seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, ni shughuli nzito: ili kuzipata, daktari hutoboa mfupa wa nyonga avute uboho, au hufyonza mafuta ya tumboni. Bei nayo hupanda.

Matokeo je? Australia, mwaka 2021, watu 288 walidungwa, wengine plazma, wengine maji ya chumvi tu. Baada ya miezi 12 nafuu ilikaribiana, na gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa gotini, liliendelea kupungua kwa wote. Marekani, mwaka 2023, aina tatu za sindano za seli zililinganishwa na sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa wagonjwa 475. Mwaka ulipoisha, hakuna hata moja iliyoishinda steroidi.

Kwa hiyo anayetangaza kwamba seli shina zinaotesha gegedu jipya anauza matumaini, na inaniuma kwa sababu wanunuzi ni wazee wenye maumivu. Kama ni lazima kuchagua, ningechukua plazma: damu ni yako, na usumbufu wake mara nyingi ni uvimbe wa siku chache. Seli shina ningezisubiri kwanza.

Mama kwa sasa anakaa kitini, ananyoosha mguu, anahesabu hadi kumi, anaushusha taratibu. Kila asubuhi.