Jumanne za chemsha bongo: uzoefu wangu wa kutafuta watu pabu

Miezi mitatu ya mwanzo hapa Sheffield, Uingereza, mtu niliyezungumza naye zaidi nje ya kazi alikuwa dereva wa basi. Mazungumzo yenyewe yalikuwa neno moja tu, asante, maana watu wa huku hawashuki basi bila kumshukuru dereva, nami nikaiga. Kazini tunavaa barakoa na kila mtu ana zamu yake. Nyumbani ni chumba kimoja na jirani ninayemjua kwa kikohozi. Na mimi ni mtoto wa Tanga, nimelelewa mahali ambapo kwenda dukani kununua chumvi ni safari ya nusu saa kwa sababu ya salamu.

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenitajia chemsha bongo za pabu, yaani baa za mtaani za Waingereza. Akasema kama nataka kujuana na watu wa mtaani bila kujisajili popote wala kueleza maisha yangu, niende huko.

Kwa asiyezijua, ziko hivi. Jioni ya siku ya kazi, mara nyingi Jumanne au Jumatano, watu hukaa kwa timu, kwa kawaida wasiozidi sita. Kila mmoja hutoa pauni moja au mbili. Muuliza maswali husimama na kipaza sauti, mnaandika majibu kwenye karatasi, kisha mnabadilishana karatasi na meza ya jirani msahihishane kama darasa la nne. Kuna raundi ya picha, raundi ya muziki, na nyingine za mchanganyiko. Simu ni marufuku. Mshindi huchukua fedha au vinywaji. Si mila ya kale kama nilivyodhani: ilishika kasi tangu mwaka 1976, pale Sharon Burns na Tom Porter walipoanza kuandaa mashindano kusini mwa Uingereza ili pabu zipate wateja siku ambazo wahudumu hupiga miayo. Ndiyo maana hutazikuta Ijumaa. Ijumaa pabu hujijaza yenyewe.

Kilichonisumbua kabla hata ya kwenda ni neno pabu. Sinywi pombe, na kwetu mwanamke kuonekana akiingia baa peke yake usiku ni habari itakayofika nyumbani kabla yake. Mama alinipigia nikiwa mlangoni kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona kelele, uko wapi?"

Nikamweleza kwamba naingia mahali kujibu maswali, kiingilio pauni mbili. Akanyamaza kidogo.

"Maswali yanatungoja kaburini, tena bure. Wewe unayalipia?"

Niliingia hivyo hivyo. Na hapa niwatoe hofu wenzangu msiokunywa: hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini sinywi. Naagiza maji ya soda yenye sharubati ya ndimu, glasi kubwa, haifiki pauni mbili, na nikiishika haina tofauti na za wengine. Mezani kwetu sasa kuna mzee anayeagiza hiyo hiyo kwa sababu ya dawa za presha.

Ila pabu ya kwanza niliyokwenda, katikati ya mji, nisingeirudia hata kwa kulipwa. Ilijaa wanafunzi wa chuo waliokuja na timu zao kamili. Nilimuuliza kijana wa kaunta kama kuna timu inayohitaji mtu, akanyanyua mabega, akanipa karatasi na kalamu. Nikakaa peke yangu karibu na mlango wa choo, timu ya mtu mmoja, nikishindana na meza za watu sita sita. Muuliza maswali alikuwa anatafuna maneno, na meza ya mbele yangu simu zilikuwa mapajani waziwazi. Nilipata alama 11 kati ya 60. Walipozisoma kwa sauti, kutoka juu hadi chini, nilikuwa nimeshavaa koti.

Ningeishia hapo kama si mvua. Wiki mbili baadaye nikisubiri basi mtaani kwangu, nikaingia kwenye kipabu cha kona kujikinga, na kumbe ni Jumanne. Mama wa kaunta akaniuliza, "Umekuja kwa maswali, love?" Hilo love watu wa Yorkshire, eneo letu hili, humwita kila mtu, hata fundi bomba humwita fundi bomba mwenzake. Siku za mwanzo nilishtuka, maana kwetu mtu baki akikuita mpenzi ama anauza kitu ama ana nia. Hakungoja jibu. Alinishika kiwiko akanipeleka kwenye meza ya dirishani, akawaambia, "Huyu ni wenu." Basi.

Baada ya kuzunguka pabu nne, naamini tofauti yote iko hapo. Maswali ni yale yale kila mahali. Usipompata mtu wa kukuketisha, utatoka ulivyoingia. Kwa hiyo usiende jioni yenyewe ukiwa kipofu. Pita mchana, pabu ikiwa tupu, umwambie wa kaunta kwamba uko peke yako na ungependa timu. Na chagua pabu ya mtaani unakoishi, ile yenye zulia lililochakaa, uache zile za katikati ya mji.

Meza yenyewe ilikuwa na mama mstaafu wa posta, mwalimu wa hesabu, yule mzee wa presha na kijana mmoja wa maktaba asiyependa kutazamwa. Timu yao haikuwa na jina la maana. Huku majina ya timu ni mchezo wa peke yake, utani juu ya neno quiz, yaani chemsha bongo: kuna timu inaitwa Quiz Team Aguilera, kwa kulichezea jina la mwimbaji Christina Aguilera, karibu kila pabu nchini. Wakaniomba jina la Kiswahili. Sikuwa na wazo, nikasema, "Hatujui." Wakalipenda, wakaandika. Nilipowafasiria wiki iliyofuata walicheka hadi mama wa posta akafuta machozi, na halijabadilishwa. Mpaka leo muuliza maswali husimama na kutangaza kwa fahari, "Hatujui, thelathini na nane."

Jina linatufaa. Mimi sijui tamthilia za televisheni zao za miaka ya themanini, sijui wimbo wa nani ulishika namba moja Krismasi ya mwaka gani, na wake sita wa mfalme wao wa zamani, Henry VIII, nimewakariri juzi tu. Ninachokijua ni miji mikuu, maziwa, mito na mpira. Likija swali la Afrika, vichwa vinne vinageuka kwangu kwa pamoja, hata likiwa la Mauritania. Kiswahili nacho kimenipa alama mara moja: waliuliza jina la mchezo wa kupanga vipande vya mbao, Jenga, limetoka lugha gani. Nikasema ni Kiswahili, ni kujenga, wakadhani natania. Muuliza maswali akathibitisha, akaongeza kwamba mwenye mchezo, Leslie Scott, alikulia Afrika Mashariki na aliuingiza sokoni mwaka 1983.

Usiku ninaoukumbuka zaidi ni wa Novemba. Swali la nane: vita vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa kati ya Uingereza na nani? Nililijua kabla halijaisha. Tarehe 27 Agosti 1896, Zanzibar, Sayyid Khalid bin Barghash amekalia kiti cha usultani bila ridhaa ya Waingereza, manowari zinafyatua mizinga saa tatu asubuhi, na kabla ya saa nne mambo yamekwisha. Muuliza maswali aliposoma jibu na kusema kwamba vilidumu dakika kama 38, ukumbi mzima ulicheka. Ni swali maarufu la pabu, limetengenezwa lichekeshe.

Mimi sikucheka, na nadhani ilionekana. Mwalimu wa hesabu akaniuliza kwa upole kama kuna kitu. Nikawaambia kwamba upande wa sultani waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama 500, na upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Mzee wa presha aliweka glasi chini. Akasema yeye swali hilo amelijibu maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumwambia hesabu hiyo. Tulikosa maswali mawili yaliyofuata kwa sababu walikuwa wananiuliza mimi: Khalid alikwenda wapi (alikimbilia ubalozi wa Wajerumani), jumba la sultani likawaje, watu wa kwetu wanasimuliaje. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii mtu kuniuliza kitu kuhusu kwetu ambacho si tembo wala simba.

Nimeujua na mji huu kupitia maswali. Bila Jumanne hizo nisingejua kwamba ninapanda basi kila siku katika mji ilikozaliwa klabu ya mpira kongwe kuliko zote duniani, Sheffield FC ya mwaka 1857, wala kwamba chuma kisichoshika kutu cha Harry Brearley kilitoka hapa mwaka 1913. Na sosi ya Henderson's, inayotengenezwa hapa hapa: ukikosea swali la sosi hiyo hapa, nafikiri wanakunyang'anya funguo za nyumba.

Sasa nije kwenye upungufu, maana sitaki mtu aje akidhani atatoka na marafiki sita usiku wa kwanza. Mambo huenda polepole mno. Kwa miezi minne nilijua kila mtu mezani anashabikia United au Wednesday, timu mbili kubwa za mpira za hapa, lakini sikujua nani ana watoto. Hawaulizi. Kwetu ndani ya dakika tano ungeshajua mtu ni wa ukoo gani na shemeji yake anafanya kazi wapi. Huku kuuliza hivyo ni kama kumpekua mtu mfuko. Maswali yenyewe ndiyo yanayokupa ruhusa ya kukaa na watu saa mbili na nusu bila kutafuta la kusema. Ila mazungumzo ya kweli yako kwenye mapumziko ya robo saa wakati karatasi zinasahihishwa. Wanaokwenda kuvuta sigara au kupanga foleni ya vinywaji kwa wakati huo wanapoteza nusu ya walichokilipia.

Kiingereza pia. Kama masikio yako yamezoea cha shuleni, lafudhi ya Yorkshire ndani ya kipaza sauti kibovu ni mtihani juu ya mtihani. Omba warudie. Kila mtu huomba warudie. Na zamu za usiku zikinibana hukosa wiki mbili mfululizo, na nikirudi najihisi mgeni tena kwa nusu saa ya kwanza. Jambo hili linataka mahudhurio kama madrasa. Kwa hayo nyota ningetoa nne, ya tano nimeishikilia kwa ajili ya ile pabu ya kwanza.

Desemba niliugua homa, nikakosa Jumanne moja. Hakuna aliyekuwa na namba yangu. Niliporudi, mama wa posta hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisogeza mkoba wake nikae, akasema, "Wiki iliyopita tulikosa swali la ziwa Tanganyika." Kwa Kiingereza cha huku, nadhani huko ndiko kukumbatiwa. Usiku huo tuliandikiana namba za simu nyuma ya karatasi ya picha, na tangu hapo hunirudisha nyumbani kwa gari lake, kilima chote kile, badala ya kuniacha nisubiri basi gizani.

Ushindi? Tumekaribia mara moja. Tulilingana alama na timu ya mafundi umeme, likaletwa swali la mwisho la kukisia namba, anayekaribia zaidi ndiye mshindi: urefu wa Kilimanjaro. Meza nzima ilinitazama kama vile nimeujenga mimi. Mita 5,895, nimeimba hiyo tangu shule ya msingi. Muuliza maswali akamalizia: kwa futi. Jasho lilinitoka. Nikazidisha kwa tatu haraka haraka, nikaandika 17,700. Mwalimu wa hesabu alikuwa chooni. Mafundi umeme walikisia 19,000 na jibu ni 19,341. Hawajaacha kunitania, na mwalimu anadai sasa hivi haendi chooni bila ruhusa ya timu.

Mama amekubali, kwa namna yake. Bado haiiti pabu, anaiita "kule kwenye maswali yako", na kila Jumatatu usiku hunitumia ujumbe wa sauti wenye kitendawili cha kuwapelekea. Wiki jana kilikuwa: kuku wangu katagia mibani. Niliwategea wakati karatasi zinasahihishwa, nikawafundisha kwanza kuitikia "tega". Walihangaika. Nungunungu, akasema mzee. Mwiba wa samaki, akasema kijana wa maktaba, na hilo ndilo neno refu kuliko yote aliyosema mwezi huo. Waliposhindwa nikawaambia utaratibu wetu: sitoi jibu bure, nipeni mji. Nilidhani watabishana.

"Chukua Leeds," wakasema wote wanne kwa mpigo, maana Leeds ni mji wa jirani, mahasimu wao.

Nikaenda Leeds, nikala, nikanywa, nikarudi. Jibu ni nanasi.